Siku Nilipojifanya Shingo ya Kampuni ya Filamu

Walisema sitaweza. Nianzie hapo, kwa sababu baadhi ya waliosema wamekaa humu ndani leo, na wamekunywa chai ya chama chetu kama watu wengine.

Assalaam alaykum, ndugu wanachama, na ninyi mama na dada mliokaa upande ule wa pazia. Walisema mtoto aliyezaliwa nyuma ya mbuzi hatamaliza chuo Nairobi. Nikamaliza. Wakasema, haya, amemaliza, lakini amesomea nini? Sinema! Mmoja aliniita mbele ya watu pale soko la mifugo: "Warya, we kijana! Wenzako wamesomea dawa za ng'ombe, wewe umesomea kivuli. Huyo ngamia wa kwenye kioo utamchinja vipi?" Watu walicheka mpaka mwenye chai akamwaga birika. Nikacheka nao, kwa meno tu.

Ndugu zangu, nawaambia: mimi nina diploma ya utengenezaji wa filamu. Miaka miwili. Ada nililipa mwenyewe, asubuhi nikipasua mifupa kwenye buchari ya Eastleigh, mchana nikiingia darasani nikinuka mafuta ya kondoo. Hakuna harambee iliyoitishwa kwa ajili yangu. Na katika Garissa yote ya miaka hiyo ya mwanzo wa tisini, aliyetaka kujua kamera inafanya kazi vipi alinitafuta mimi. Mkisema najisifu, sikatai. Subirini mwone sifa hizo zilinifikisha wapi.

Nilirudi, nikapanga chumba mtaa wa Waberi, nikawa napiga video za harusi. Kisha ikaja kampuni ya filamu, wageni wa ng'ambo pamoja na watu wa Nairobi wa kuwafanyia kazi. Walitaka hadithi ya msafara wa ngamia wa zamani unaovuka jangwa. Jangwa walilolipata ni laga moja, mto mkavu wenye mchanga mweupe, mwendo wa saa moja kwa lori kutoka mjini. Walihitaji wanaume thelathini na ngamia hamsini, na mtu wa kuwaleta. Sasa mlitaka aulizwe nani?

Nilipewa cheo: Mratibu wa Wenyeji. Nilipewa kizibao chenye mifuko kumi na mmoja, niliihesabu, na redio ya kuning'iniza kiunoni. Siku za mapumziko nilikuwa nakatiza sokoni nimekivaa, joto lote lile. Mkataba wenyewe ulikuwa kurasa sita za Kiingereza. Niliusoma ukurasa wa kwanza, palipoandikwa cheo changu, na ukurasa wa mwisho, pa kutia sahihi. Hapo katikati sikupagusa. Meneja alikuwa amenisimamia, na mimi nilidhani msomi wa kweli hasomi polepole mbele ya watu.

Siku ya kuandikisha watu tulikutana sokoni. Wenye ngamia walikuwa wanamsikiliza mzee mmoja mwenye jicho moja, mwenye dume jeupe lililopasuka sikio. Meneja, mtu wa Nairobi mwenye sauti nzuri ya redioni, alimpa karatasi atie dole gumba. Mzee akaipindua, akaitazama huku na huku, akauliza kwa Kiswahili ili meneja asikie:

"Hii karatasi iko na shingo?"

Meneja akacheka. "Mzee wangu, karatasi haina shingo."

"Sasa kesho mimi nataka kushika hii kampuni. Nashika wapi?"

Wazee mnajua alichouliza. Kwa ajili ya vijana na wageni, nieleze. Katika soko letu, mgeni akinunua mnyama, mwenye mnyama hamtazami mgeni. Anamtazama dalali aliyesimama katikati yao. Mgeni akitoweka, dalali analipa, na kama hana, anauza alicho nacho mpaka alipe. Hakuna askari hapo, hakuna hakimu. Dalali ndiye shingo.

Wachuuzi wa mifugo hawasemi neno hilo ovyo. Madalali wenyewe hawalisemi ovyo. Mimi, na mifuko yangu kumi na mmoja, nilijigusa shingo nikasema, "Adeer, shika hapa." Adeer ni baba mdogo, kwa heshima.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Wenzangu hawajasikia."

"Nimesema!"

Basi wakatia madole yao kwenye karatasi wakicheka, kama watu wanaomfurahisha mtoto. Kwao karatasi ilikuwa imekwisha kazi. Walikuwa wameshika mtu.

Alhamisi ya kwanza walilipwa, na mji ukanipenda. Wiki ya pili ndipo kazi ilipoonyesha meno. Wanaume walivalishwa majoho ya sufu yaliyoshonwa kwa nchi ya baridi. Siku moja walishuka ukingo wa laga mara kumi na nne na wakarudishwa juu mara kumi na nne, kwa sababu wingu limepita, kwa sababu lori limesikika, kwa sababu mtu mmoja ametazama kamera. Kivuli kilikuwa hema moja, la wageni na waigizaji wakubwa. Maji ya wenyeji yalikaa kwenye pipa juani. Ngamia walibaki na mizigo mgongoni tangu alfajiri, kwa kuwa mzigo ukishushwa utapakiwa vingine na picha haitafanana. Adhuhuri ikiingia, wanaambiwa wangoje picha moja tu. Na ni nani aliyekuwa anatumwa kuwaambia wacheleweshe sala? Ni mimi.

Mzee wa jicho moja aliniuliza siku hiyo, "Mwanangu, hawa watu wanatafuta nini hapo chini? Mbona kila wakikipata wanakitupa?"

Siku ya pili yake walileta feni kubwa ya kutimua vumbi. Hakuna aliyewaonya wenye ngamia. Feni iliponguruma, ngamia mmoja aliruka, akamrusha mtu wake, baba wa watoto watatu, na mguu ukavunjika chini ya goti. Nilisikia ule mlio nikiwa mbali.

Nikamkimbilia meneja. "Tumpeleke hospitali."

"Gari chukua," akasema. "Gharama ni zako."

"Zangu vipi?"

"Wale ni wafanyakazi wako, ndugu. Soma ukurasa wa nne."

Nilisoma ukurasa wa nne nimesimama kwenye mchanga, na kalamu za rangi ziko kwenye mfuko wa kifuani. Ulisema kwamba mimi ni mkandarasi. Kwamba mishahara, majeraha na migogoro yote ya wenyeji ni juu ya mkandarasi. Kwamba kampuni itamlipa mkandarasi picha zote zikishakamilika. Ile Alhamisi ya kwanza, meneja akaniambia kwa sauti yake nzuri, ilikuwa hisani.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanguka, na hamkuniona. Kwa karatasi mimi ndiye mwajiri. Kwa neno langu mimi ndiye shingo. Ningeenda kwa wale wanaume siku hiyo hiyo nikasema, "Nimetia sahihi kitu sikukisoma," wangenitukana, kisha tungekaa tukapanga. Lakini ningewaambiaje kwamba mwenye diploma hakusoma? Nikanyamaza, nikaenda kukopa.

Nilikopa kwa watu watatu. Mwenye duka mmoja wa Waberi alinipa sukari, unga na mchele wa kambi. Mjomba wangu wa Sangailu aliuza fahali wawili, na fedha zile zililipa Alhamisi ya pili, nami nikazigawa nikisema, "Kampuni hiyo, imelipa." Shangazi yangu anayeuza maziwa alinipa za hospitali. Hakuniuliza ni za nini. Alinitazama tu mpaka nikatazama chini.

Alhamisi ya tatu sikuwa na kitu. Jumamosi asubuhi tulifika laga tukakuta ngamia wote hamsini wamepigishwa magoti mchangani, kila mmoja amekunjwa mguu wa mbele na kufungwa kamba, na wanaume wamekaa mbele yao wanakunywa chai. Majoho ya sufu yamekunjwa vizuri, yamepangwa juu ya jiwe.

Mzee wa jicho moja akaniita karibu. "Wanyama wamechoka na sinema," akasema. "Mkilipa wataamka."

"Adeer, ngojeni wiki moja."

"Sisi tunangoja. Huoni tunangoja?"

Nilirudi hemani. Meneja alikuwa ananyoa ndevu kwa kioo kidogo. Akasema bila kugeuka, "Si ulisema una watu kila mahali? Leta wengine." Na mimi, Mungu anisamehe, nikaleta. Nilikwenda mjini kwa mfanyabiashara mwenye redio ya mawasiliano, nikawaita watu wa upande wa mama yangu huko Kutulo, Mandera. Nikawaambia kuna kazi, na waliokuwa wakiifanya wameacha kwa uvivu.

Maneno ya redio hayana siri. Jioni ile ile mji ulijua. Niliposalimia hotelini waliitikia, kwa sababu kuitikia salamu ni wajibu, kisha wakageukia chai zao. Hakuna aliyenitukana. Ningeomba mtu mmoja tu anitukane. Mke wa yule aliyevunjika mguu alipita mbele yangu njiani, akafunika uso wa mtoto wake mdogo kwa shuka.

Siku nne kampuni ilipiga picha za waigizaji wakubwa peke yao. Siku ya tano, kabla ya adhuhuri, malori matatu yalishuka na wanaume ishirini wa Kutulo na ngamia kumi na watano. Wagomaji wakasimama wote, fimbo mkononi. Wa Kutulo wakaruka chini, fimbo mkononi. Katikati palikuwa na hatua labda thelathini, na askari wanne waliokuja kusindikiza malori, na koplo wao akatoa bunduki begani akaishika kwa mikono miwili. Ngamia mmoja aligumia, na kila mtu akamtazama yule ngamia.

Wa kwanza kusema alikuwa mama mmoja wa kampuni, mzungu mwembamba aliyekaa na daftari siku zote. Kazi yake kuandika nani alivaa nini, mzigo gani uko upande gani, ili picha ya leo iungane na ya jana. Alipita katikati ya fimbo zile kana kwamba ni miti, akawatazama ngamia wa Kutulo mmoja mmoja, akafungua daftari, akamwambia mwongozaji wa filamu, "Si hawa."

Mwongozaji akamwambia ngamia ni ngamia. Mama akatikisa kichwa, akamwonyesha kurasa. Mwongozaji akawa mweupe kuliko alivyokuja.

Na mimi nikaelewa. Diploma yangu ikaamka, ndugu zangu, baada ya kulala wiki nne! Msafara ulikuwa umekwisha kupigwa picha ukishuka ukingo wa laga, mbele dume jeupe la sikio lililopasuka na mzee wa jicho moja. Ulikuwa bado kupigwa ukipanda ukingo wa pili. Je, msafara unaweza kushuka na watu hawa na kupanda na watu wengine? Kila atakayeingia sinema ataona. Bila dume lile na mzee yule, kazi yote ya wiki nne ni ya kutupa, na waigizaji wakubwa walikuwa na tiketi za ndege za kurudi kwao. Walichokuwa wanakodi kwa bei ya maji hakikuwa na mbadala duniani. Na katika laga ile, waliolijua hilo ni wageni wachache, na mimi.

Ningeweza kunyamaza nikauza siri hiyo kwa meneja. Nawaambia ukweli, wazo lilipita. Lilipita kabisa, lilinigusa bega.

Nilisimama katikati ya zile hatua thelathini. Nikasema kwa Kisomali, kwa sauti ya kusikika pande zote mbili, kwamba mkataba sikuusoma. Kwamba Alhamisi ya pili haikulipwa na kampuni. Kisha nikawaeleza habari ya picha ya kushuka na picha ya kupanda.

Kiongozi wa watu wa Kutulo, mtu mrefu, abti yangu, yaani mjomba wa mbali, alinikaribia mpaka nikasikia pumzi yake. "Hawa wamelipwa?"

"La."

"Redioni ulisema ni wavivu."

"Nilisema uongo, abti."

"Umenitoa Kutulo, umenishindisha juu ya lori na ngamia wa watu, nije nile riziki ya mwenzangu?" Aliinua fimbo. Niliacha shingo yangu pale ilipo, sikusogea. Akaishusha polepole, akaichomeka mchangani, akawageukia wagomaji. "Chai imebaki?"

"Imebaki," mzee wa jicho moja akasema. "Sukari ndiyo kidogo. Muulize msomi wako."

Wa Kutulo wakapigisha ngamia wao magoti, wakawafunga, wakaketi. Nami nikaketi nao; sasa tulikuwa wanaume hamsini chini.

Meneja akaja mbio. "Afande, mkamate huyu! Anachochea watu."

Koplo akamtazama, akatutazama sisi. "Kosa lao ni nini, bwana? Kukaa?"

Tulikaa. Adhuhuri ikaingia, tukasali pale pale bila kumuuliza mtu. Jua likapita kichwani. Nilikuwa naangalia lile hema, na moyo ulikuwa unapiga mpaka redio kiunoni inacheza, kwa sababu kama nimekosea, kama wataamua kuacha filamu na kuondoka, basi wanaume thelathini wamepoteza jasho lao na mimi ndiye niliyewaketisha. Madereva wa kampuni wakaanza kupakia masanduku. Sanduku la kwanza, la pili. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Wanaenda." Mzee wa jicho moja akasema, "Waacheni wapakie. Hata mnunuzi wa ngamia huondoka mara tatu."

Walipakia masanduku sita. La saba mwongozaji mwenyewe alilishika, akalirudisha chini. Kabla ya alasiri meneja alikuja akakaa mchangani na suruali yake safi. Tukaandika ukurasa mmoja tu. Nikausoma kwa sauti, Kiingereza, kisha Kisomali, neno kwa neno, na nilipopita haraka mahali, mzee akanigonga goti: "Rudi." Mishahara ya nyuma kulipwa kabla ngamia hajaamka. Hema la pili. Maji ya kivulini. Sala kwa wakati wake. Aliyeumia kazini, kampuni imtibu na imlipe siku anazolala. Watu wa Kutulo walipwe safari na siku zao. Kesho yake ndege ndogo ilishuka uwanja wa Garissa na fedha, na kila mtu akapokea kwa mkono wake.

Mimi sikupokea. Meneja alinivua redio, akanivua kizibao, na zile fedha nilizotoa mfukoni akasema ni juu ya mkandarasi, ukurasa wa nne. Wenye ngamia walitaka kunichangia. Nikakataa. Kiburi changu kilikuwa kimejeruhiwa lakini hakikufa, na siku hiyo nilikihitaji.

Kukusanya fedha za madeni kulinichukua miaka miwili. Nilirudi kwenye harusi, nikapiga video mpaka kidole kikaota sugu. Ilipokuja kampuni nyingine kutafuta ngamia, wenye ngamia waliwaambia, "Muulizeni yule aliyefukuzwa." Niliusoma mkataba wao kuanzia bismillahi hadi sahihi, nimekaa, polepole, na mzee wa jicho moja pembeni. Wakasema hakuna mahali walipodaiwa kivuli kwa maandishi. Nikasema, basi tafuteni ngamia kwenu. Walitia sahihi. Leo hakuna kamera inayopiga picha ngamia wa Garissa bila ukurasa ule, na aliyeuandika anasimama mbele yenu, mtoto wa nyuma ya mbuzi.

Nawashukuru. Mzee aliyenigonga goti. Watu wa Kutulo walioketi wakati wangeweza kula. Koplo aliyeuliza kosa ni nini. Aliyevunjika mguu, ambaye anatembea na kuchechemea kidogo, na bado ananiitikia salamu kwa mdomo wote. Na ninyi wanachama, ninalowaachia ni hili: usiweke mtu mwingine dhamana kwa jambo usilolielewa, na ukigundua hukulielewa, sema siku hiyo hiyo. Aibu ya siku moja ni rahisi. Mimi yangu niliilipia kwa mafahali wawili.

Nilipokuwa nimekusanya zote, niliamua kulipa siku moja, mji uone. Nilivaa suti. Nilianza kwa mwenye duka wa Waberi, nikamlipa mbele ya wateja. Mafahali wa mjomba nilikuwa nimewanunua asubuhi, nikawapitisha katikati ya soko kabla ya kuwapakia lori la Sangailu, na mjomba aliyekuja kuwapokea aliwapapasa mbavu, akasema mmoja ni bora kuliko wake. Nikabaki na shangazi. Nilimkuta sokoni na wenzake wauza maziwa, nikasimama, nikasema kwa sauti ya kampeni: "Eddo! Nimekuja kulipa deni lako lote!"

Alifunika kibuyu. Akaniambia niiname. Nikainama na suti yangu.

"Mimi nilikupa mbele ya nani?"

"Hukunipa mbele ya mtu, eddo."

"Mbona wewe unanirudishia mbele ya soko?"

Ndugu zangu, hilo halikuwemo kwenye diploma yangu. Ndiyo maana leo nimesimama hapa muda wote huu na sikutaja jina la mtu hata mmoja. Nilichuchumaa karibu naye, nikamwekea fedha chini ya shuka, mkono kwa mkono. Hakuzihesabu. Alinimiminia maziwa kikombe kimoja, akangoja nimalize, akachukua kikombe, akaita mteja aliyekuwa nyuma yangu.